Nina kitanda Hannover, lakini sina anwani

Shikamoo Shangazi,

Naomba unisikilize, kwa maana hapa nilipo sina wa kumwambia.

Mimi ni msichana wa miaka 24, kwetu ni Likoni, Mombasa. Nilisomea Kijerumani Nairobi mpaka nikafaulu kiwango cha B2, kisha ajenti akanipatia nafasi ya kusomea uuguzi kazini katika hospitali moja hapa Hannover, Ujerumani. Nilifika mwishoni mwa Agosti na masomo yakaanza Septemba. Wodini nakupenda, Shangazi. Wazee ninaowahudumia wananiuliza habari za bahari ya kwetu, na mwalimu wangu wa vitendo ameniambia nina mikono mizuri.

Shida yangu ni ninapolala. Ajenti alisema malazi yamepangwa, nami nikaamini. Kumbe ni kwa mama mmoja wa huko huko kwetu pwani, aliyepanga fleti ya vyumba vitatu. Mimi na msichana mwingine tuko chumba kimoja, kijana mmoja ana chake, na mama mwenyewe chake. Namlipa euro 400 kwa mwezi, mkononi, bila risiti. Sisemi haya kumsengenya. Alinipokea kituo cha treni usiku wa manane, akanipikia wali wa nazi na samaki, akanipa koti lake la baridi. Mimi namwita Mama, yeye ananiita mwanangu.

Lakini nilipomwomba ile karatasi ya kupeleka ofisi ya usajili, kuonyesha kwamba naishi kwake, alibadilika. Alisema mwenye nyumba hajui kwamba tuko wanne, na nikimletea maneno nitafute pa kwenda. Baadaye akapoa, akaniambia kuna kaka mmoja anayewaandikisha watu kwenye anwani yake kwa euro 300, wengi wamefanya hivyo na hakuna lililowapata.

Tangu hapo mambo yanazidi kunifunga. Kadi ya benki ilitumwa ikarudishwa. Barua ya bima ya afya imefika kwa jina la Mama, nimeiweka chini ya godoro, sijaifungua kwa hofu. Mkataba wangu unasema euro 1,340 lakini napokea 900 na kitu, kwa sababu sina namba ya ushuru. Hospitali wamenikumbusha mara mbili, nami nimewaambia inakuja. Viza iliyo kwenye pasipoti inaisha tarehe 12 Januari, na sasa ni Novemba.

Nyumbani wanajua niko Ulaya. Mama mzazi anataka niezue paa la makuti tuweke mabati, mdogo wangu anangoja karo ya muhula wa Januari. Kila akipiga simu nasema niko salama, mshahara mzuri. Wiki hii nimelia chooni kazini. Nimlipe yule kaka? Nimshtaki Mama? Au nirudi Likoni kabla sijafukuzwa?

Binti wa Likoni


Jibu

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila nikiisoma naona mafundo uliyoyahesabu manne ni fundo moja. Benki, bima, ushuru na viza vyote vimening'inia kwenye anwani. Ujerumani humtambua mtu kwa mahali alipoandikishwa kuishi. Ukishaandikishwa, mengine hufuatana, baadhi yake hata bila wewe kuomba. Basi tusigawe nguvu zako. Wiki hii una kazi moja tu, kuandikishwa.

Nianze na la yule kaka. Usimpe hata senti. Sheria ya usajili wa wakazi inakataza kumpa mtu anwani asikokaa wala asikokusudia kukaa, na faini ya anayeitoa hufika euro 50,000. Wewe nawe utakuwa umesaini uongo mbele ya serikali, mwezi mmoja au miwili kabla ya kuiomba serikali hiyo hiyo kibali cha kukaa. Tena barua zako zote, za viza na za benki, zitaingia kwenye sanduku la mtu usiyemjua, na siku akihama au akikasirika utakuwa umerudi pale ulipo leo, na euro 300 zimekwenda. Wanaosema hakuna lililowapata hawajafikia siku ya kulipata.

Sasa la Mama. Karatasi aliyokunyima inaitwa Wohnungsgeberbestätigung. Ni uthibitisho wa anayekupa mahali pa kukaa. Shika hilo vizuri: anayekupa mahali pa kukaa si lazima awe mwenye jengo. Mpangaji mkuu aliyekuweka chumbani mwake ndiye anayetakiwa kusaini, na kifungu cha 19 cha ile sheria ya usajili wa wakazi, Bundesmeldegesetz, kinamlazimu. Wewe ulitakiwa kujiandikisha ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, naye akupe karatasi ndani ya muda huo huo. Anayekataa anaweza kutozwa faini hadi euro 1,000. Anachokiogopa ni kwamba fomu huuliza pia jina la mwenye nyumba, na yeye amewapangisha watu bila ruhusa. Hofu yake ni ya kweli. Mpangaji anayefanya hivyo anaweza kuonywa, na akiendelea anaweza kupoteza nyumba.

Ndiyo maana sitaki umwendee kwa vitisho. Mwendee jioni akiwa ametulia, umshukuru kwa koti na kwa ule usiku wa kwanza, kisha umwambie wazi: "Mama, viza yangu inaisha Januari. Bila karatasi hii kibali changu cha kukaa kiko hatarini. Naomba unisainie kabla ya Jumatatu." Mwambie pia kwamba sheria inampa mpangaji haki ya kuomba ruhusa ya kupangisha sehemu ya nyumba yake akiwa na sababu ya msingi, na mwenye nyumba hawezi kumkatalia hivi hivi, isipokuwa kwa sababu kama fleti kujaa kupita kiasi. Chama cha wapangaji, Mieterverein, kinaweza kumwandikia barua ya kuomba ruhusa hiyo kwa ada ya uanachama. Kwa hiyo anayo njia ya kujisafisha. Wali wa nazi ni wema, na wema haulipwi kwa mtu kupoteza masomo yake.

Akikataa, usigombane. Siku hiyo hiyo nenda Bürgeramt, ile ofisi ya usajili, na pasipoti, viza na mkataba wako wa mafunzo, ukawaambie mwenyewe kwamba aliyekupangisha hakupi ile karatasi na unataka kutoa taarifa: "Meine Vermieterin gibt mir keine Wohnungsgeberbestätigung. Das möchte ich melden." Sheria inakutaka utoe taarifa unyimwapo karatasi hiyo, wala huko si kumshtaki mtu. Ni kutimiza wajibu wako. Umechelewa wiki kadhaa na faini inawezekana, lakini aliyejitokeza na kueleza hayuko sawa na aliyegunduliwa. Kama miadi ya mtandaoni imejaa, angalia tena asubuhi mapema, kwa sababu watu hughairi na nafasi hufunguka, au chukua miadi katika tawi lolote la mji wako.

Kuna mlango mwingine ambao hukuutaja, nao ndio ninaoutilia mkazo kuliko yote: hospitali yako. Umewaambia namba ya ushuru inakuja, nao wamekuamini. Mficha uchi hazai, mwanangu. Kesho omba dakika kumi na mkuu wa shule ya uuguzi au na yule mwalimu wako wa vitendo, umweleze ulichonieleza mimi, bila kumpamba wala kumchafua mtu. Hospitali nyingi zina mabweni ya wafanyakazi au huweka vyumba kwa ajili ya wanagenzi wao, na hata pale pasipo na bweni, ofisi ya wafanyakazi inaweza kukuandikia barua ya kumwonyesha mwenye nyumba kwamba una mkataba wa miaka mitatu na mshahara wa kila mwezi. Karatasi hiyo ina uzito mkubwa unapotafuta chumba. Najua unaogopa kwa kuwa uko kwenye miezi sita ya majaribio, na ni kweli katika kipindi hicho mkataba huvunjwa kwa urahisi. Lakini hospitali imekungoja kwa miezi, imekuandikia mkataba na imekuona wodini. Inamhitaji muuguzi. Mwanagenzi anayekuja na shida yake mapema ni afadhali kwao kuliko anayetoweka Januari kwa sababu ya viza.

Ukishindwa kuanza mazungumzo hayo peke yako, ulizia Jugendmigrationsdienst. Ni huduma ya ushauri kwa vijana wahamiaji wa miaka 12 hadi 27, bure kabisa, na wewe wa miaka 24 umo. Huendeshwa na mashirika kama Caritas, Diakonie na AWO. Watakusomea barua, watapiga simu ofisini kwa niaba yako, wakati mwingine watakusindikiza. Wasomaji wangu waliovuka miaka 27 nao wana huduma kama hiyo kwa watu wazima, iitwayo Migrationsberatung, katika mashirika hayo hayo. Inaniuma kuona watu wetu wakilipa ajenti mamia ya euro kwa kazi ambayo mshauri aliyesomea angeifanya bila malipo, mtaa wa pili tu.

Ukianza kutafuta chumba kingine, utakutana na matangazo ya vyumba vizuri kwa bei ya chini, mwenyewe akisema yuko nje ya nchi na ufunguo atautuma kwa posta ukishalipa. Huyo ni mwizi. Usitume pesa kabla ya kuingia chumbani, kuona, na kusaini mkataba. Amana kwa mujibu wa sheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za maji na joto, na una haki ya kuilipa kwa mafungu matatu. Na swali la kwanza kumuuliza mwenye chumba, kabla hata ya bei, ni kama utaweza kujiandikisha hapo. Kodi nayo, iwe hapo ulipo au utakapohamia, anza kuilipa kupitia benki. Pesa ya mkononi bila risiti haina shahidi.

Siku ya kujiandikisha utaulizwa dini yako. Hili nawasemea zaidi wasomaji Wakatoliki na Walutheri: ukiandika hivyo utakatwa ushuru wa kanisa, asilimia 9 ya ushuru wa mapato katika majimbo mengi, asilimia 8 kule Bavaria na Baden-Württemberg. Anayetaka kulitegemeza kanisa lake kwa njia hiyo na aandike kwa moyo mweupe, ila ajue anachokisaini.

Sasa kuhusu kadi ya benki iliyorudi. Nyumba za huku kwa kawaida hazina namba za milango ya ndani. Mleta barua husoma majina kwenye masanduku pale chini, na asipoliona jina lako huirudisha barua hata kama anwani ni sahihi kabisa. Wageni wengi hupoteza barua kwa sababu hii tu, wakadhani benki imewakataa. Siku unayosainiwa karatasi, andika jina lako la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, ulibandike kwenye sanduku na kwenye kengele. Kisha iambie benki itume kadi upya.

Ile barua iliyo chini ya godoro ifungue leo, kabla hujalala. Siwezi kuisoma kutoka hapa, ila mara nyingi bima ya afya humwandikia mwanachama mpya kumwomba picha ya kuweka kwenye kadi. Huenda umekuwa ukiogopa ombi la picha. Na hata ikiwa ni jambo zito zaidi, barua za huku zina tarehe, na tarehe huhesabiwa ufungue usifungue. Ikikufikia bahasha ya manjano yenye siku ya kuletwa iliyoandikwa juu yake, itunze pamoja na bahasha yake na uipeleke kwa mshauri siku hiyo hiyo. Amri ya kudaiwa pesa kupitia mahakama, kwa mfano, hukupa wiki mbili tu za kuipinga. Nunua faili moja, uziweke barua zote kwa tarehe.

Kuhusu mshahara, tulia. Ukishaandikishwa, ofisi kuu ya ushuru itakutumia kwa posta namba ya tarakimu 11, kwa kawaida baada ya wiki mbili tatu, na namba hiyo ni yako maisha yote. Bila hiyo, mwajiri hulazimika kukukata ushuru kwa daraja la sita, ambalo ni la juu kuliko yote. Ukiipeleka, utahamia daraja la kwanza, na kwa mshahara wa mwanagenzi ushuru wa mapato karibu hautaonekana. Kitakachobaki kukatwa ni bima ya afya, pensheni, ukosefu wa kazi na uangalizi wa uzeeni, kama moja ya tano ya mshahara. Kwa hiyo tarajia elfu moja na ushei mkononi. Hiyo 1,340 iliyo kwenye mkataba usiipangie. Kilichokatwa zaidi kitarudi: ama mwajiri atakirekebisha, ama utajaza fomu ya marejesho, na una miaka minne ya kufanya hivyo.

Mama mzazi nimemweka karibu na mwisho kwa sababu anahitaji ukweli, na ukweli huo ndio huu wa hesabu. Mpigie siku ya mapumziko, si katikati ya zamu. Mpigie picha karatasi ya mshahara, umtafsirie mstari kwa mstari: hiki mkataba, hiki wanachokata, hii kodi ya nyumba, hiki chakula, hii nauli. Mzazi aliyekulea Likoni anajua kuhesabu kilichobaki. Sema mabati yatangoja, na karo ya mdogo wako utaichangia kwa kiasi kimoja cha kila mwezi utakachokitaja mwenyewe, kuanzia mshahara wa kwanza utakaotoka bila daraja la sita. Kutuma kidogo kila mwezi kwa M-Pesa, bila kukosa, kutamtuliza kuliko kutuma kingi mwezi mmoja kisha kimya. Na usikope huku kwa ajili ya kule. Kama ajenti bado anakudai, nionyeshe mkataba wake kabla hujamlipa tena.

Hayo machozi ya chooni siyapuuzi. Umekuja jua la Agosti, sasa giza linaingia saa kumi na moja jioni, na umebeba siri mbele ya hospitali, mbele ya mama yako na mbele ya yule unayeishi naye. Mwili huchoka. Usiku ukikulemea kuna simu ya bure ya TelefonSeelsorge, huduma ya kuwasikiliza waliolemewa moyoni, 0800 111 0 111, mchana na usiku, huulizwi jina, na Kijerumani chako cha B2 kinatosha. Ukiona huli au hulali kwa siku nyingi, mwone daktari. Bima yako inalipa, na kuugua moyo huku huandikiwa ruhusa ya kupumzika kama kuugua kifua.

Umeniuliza kama urudi nyumbani. Kurudi si aibu, na yeyote atakayekuambia ni aibu hakutakii mema. Lakini umeandika kwamba wodini unakupenda. Anayepaswa kuondoka ni yule ambaye kazi yenyewe imemkataa. Wewe umekwamishwa na karatasi moja, na karatasi hupatikana. Liamue suala la kurudi ukiwa na anwani, kadi ya bima na mshahara kamili wa mwezi mmoja.

Imebaki viza, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi. Kibali cha kukaa huombwa Ausländerbehörde, ofisi ya wageni ya mahali unapoishi, na jambo kuu ni ombi liingie kabla viza haijaisha. Likiingia kwa wakati, haki zako za kukaa na kufanya kazi zinaendelea hata kama miadi yenyewe ni ya Machi, na unaweza kudai cheti chake kiitwacho Fiktionsbescheinigung. Likichelewa hata siku moja, huwezi kuitegemea tena kinga hiyo. Usingoje miadi. Tuma ombi kwa njia ya mtandao au kwa barua pepe pamoja na nakala za pasipoti, mkataba wa mafunzo, uthibitisho wa bima na cheti cha usajili, kisha tuma nakala nyingine kwa posta ya rejista na uitunze risiti yake. Kama kufikia wiki ya kwanza ya Desemba cheti cha usajili hakijapatikana, tuma bila hicho, ukieleza kwa sentensi mbili kwa nini hakipo, na mshauri wa Jugendmigrationsdienst akusaidie kuziandika. Viza yako inasema 12 Januari, lakini ofisi nyingi hufunga au hupunguza saa kati ya Krismasi na mwaka mpya. Wewe uhesabu kwamba inaisha tarehe 15 Desemba, na siku hiyo uniandikie uniambie ombi limeingia.